Mate ya Mjomba

Dada yangu alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili, mjomba alimwita ili ambariki, na mate yakamkauka kinywani.

Kwetu Ukambani mzee hambariki mtoto kwa maneno matupu. Mtoto hufungua viganja, mzee huinama akatema mate kidogo sana, mepesi kama manyunyu, ndipo husema la kusema. Baba alipokuwa akiondoka na lori kwenda Mombasa, nyanya alimfanyia hivyo, naye baba aliyapaka mate yale kifuani kabla ya kuwasha injini. Kwa hiyo Jumapili ile, tulipotoka kanisani, dada alipiga magoti mbele ya kiti cha mjomba katika chumba chetu cha Shauri Moyo, akafungua viganja. Mjomba akavuta mashavu kukusanya mate. Ikatoka pumzi tupu, kama ya mtu anayepuliza kijiko cha uji. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akageuza uso ukutani.

"Baadaye," alisema.

Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Wazo lililonijia ni lile ambalo lingemjia Mkamba yeyote: mzee amemnyima. Nikaanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni, katika chumba ambacho hakikuwa na nafasi ya kutembea.

"Mjomba, kama una neno naye, liseme sasa," nilisema.

"Sina neno."

Dada hakuwa ameinuka. Alikuwa akimtazama mzee kinywani, na hakuwa na uso wa mtu aliyenyimwa baraka. Aliwatazama hivyo wagonjwa wake wodini.

"Fungua kinywa, mjomba."

"Mimi si ng'ombe wa mnadani."

"Fungua tu."

Ulimi ulikuwa mweupe, umepasukapasuka kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa juani. Dada akaifinya ngozi ya mkono wa mzee, akaiachilia, ikabaki imesimama. Akanigeukia.

"Kaka, mjomba hanywi maji."

"Anakunywa. Kila asubuhi namwachia chai, themosi nzima. Nikirudi iko tupu."

"Nani anaimaliza?"

Mjomba alikohoa. "Mama wa samaki," alisema. "Akija hapa ni mgeni wangu. Mgeni hanyimwi chai."

Mama wa samaki alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mtu wa upande wa ziwa, aliyekaanga samaki na kuwauza Gikomba. Kila siku, kabla ya adhana ya adhuhuri kusikika kutoka Majengo, alipita kumjulia hali mzee. Kila siku mzee alimmiminia chai yote, naye akaenda zake akiwasimulia watu kwamba Wakamba ni wakarimu.

Hatukuhitaji kuuliza sana kwa nini. Nyumba za mtaa wetu zilikuwa za halmashauri, chumba kimoja kila jamaa, na vyoo vilikuwa mwisho wa safu, vya kutumiwa na watu wote. Mwaka uliotangulia mjomba alipigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa, mguu ukaanza kurudi kidogo kidogo, mkono ukakataa. Asubuhi, kabla sijaenda kiwandani, nilimwegemeza begani nikampeleka msalani, na jioni nikirudi nilimpeleka tena. Katikati ya saa hizo hapakuwa na mtu. Mama wa samaki ni mwanamke. Dada yangu, aliyekaa huko huko hospitalini alikofanya kazi, aliwashughulikia wagonjwa wa namna hiyo kila siku, lakini kwa mjomba ni mtoto wa dada yake.

"Binti wa dada yangu anishike mkanda wa suruali?" alisema mjomba siku ile, akiutazama ukuta. "Siku hiyo mnizike kwanza."

Basi alikuwa amejiandikia dawa yake mwenyewe. Asiponywa, hataenda.

Dada alitaja ndoo. Mjomba akamwambia kwamba akiileta ndoo ndani ya chumba wanamokula watu, ataitupa nje kwa mkono huohuo uliokufa. Kisha dada akasema lile nililokuwa nikiliogopa tangu barua ya chuo ilipofika.

"Mimi siendi popote nikimwacha hivi."

Sikulala vizuri juma lile, wala kiwandani sikutulia. Tulikuwa tukitengeneza blanketi, na mashine yangu ilihitaji mtu aliyesimama mahali pamoja akautazama uzi. Niliutazama uzi nikamwona mjomba amekaa kwenye kiti, ulimi mweupe, akisubiri jua litembee. Wakati wa chakula cha mchana wenzangu walikaa kivulini kula mandazi. Mimi nilitoka langoni nikavuka reli, nikapita Kaloleni mbio mbio hadi Jogoo Road, nikakumbuka kwamba sitawahi kufika nyumbani na kurudi kabla ya king'ora, nikageuka. Nilifanya hivyo siku nyingi. Mlinzi wa langoni alinizoea. "Wewe unatafuta nini huko barabarani?" aliniuliza.

Wazazi wetu walikufa pamoja, katika lori lile la baba, nilipokuwa ndio nimeanza kidato cha kwanza. Dada alikuwa bado mdogo wa kubebewa vitabu. Mjomba, kaka ya mama, alikuwa mchonga vinyago, mjane asiye na mtoto. Alikuja mazishini akiwa na unga wa mbao kwenye nyusi, na tulipomaliza kumwaga udongo akasema, "Hawa ni wangu." Akatuleta Nairobi. Lakini vinyago ni kazi ya msimu, watalii wakikosekana hakuna ugali, na mwaka haukuisha kabla sijaona kwamba mmoja wetu lazima afanye kazi. Nilikuwa mkubwa. Sare yangu ya shule niliikunja mwenyewe. Sikulia, na sikulalamika baadaye, ila nilijiambia jambo moja: huyu mwingine atafika mwisho. Sikujua mwisho ni wapi. Alipomaliza shule nikadhani ni pale. Alipopata diploma yake ya tiba kazi nikadhani ni pale.

Tiba kazi, mtaani kwetu, haikueleweka. Dada alieleza kwamba mtu akipatwa na ugonjwa au ajali, daktari humwokoa asife, na yeye humsaidia aweze tena kufanya mambo yake: kuvaa, kupika, kushona, kuandika. Mama wa samaki alisikiliza yote kwa makini.

"Kwa hiyo unatibu watu kwa kuwapa kazi."

"Ndiyo, mama."

"Basi mchukue mume wangu leo hii. Ugonjwa wake huo."

Dada alicheka kuliko wote. Lakini wodini kuna jambo lilimsumbua, nalo ndilo lililomfanya atafute kusoma zaidi. Waliwafundisha wagonjwa kusuka vikapu na kutunga shanga, vidole vikafunguka, wakasifiwa, wakaruhusiwa kwenda. Wakifika nyumbani walilala kitandani, wasiinuke tena. Alitaka kujua kwa nini. Hapa nchini wakati ule hapakuwa na pa kulisomea hilo. Chuo kimoja cha ng'ambo kiliikubali diploma yake na miaka yake ya kazi, wakampa na ufadhili. Sasa jibu la swali lake lilikuwa limekaa ndani ya chumba chetu, kwenye kiti, likimgawia jirani chai.

Siku zake za mapumziko alizileta zote Shauri Moyo. Kwa kuwa mjomba hakutaka kufundishwa mambo ya suruali na binti, dada alinifundisha mimi ili nimfundishe mzee. Alinifunga mkono wa kulia kiunoni kwa leso, akaikaza kweli kweli, akaniambia nifungue mkanda na kuufunga tena, juu ya suruali yangu ya kazi, mbele yake. Nilitoa jasho. Mkanda ulikimbia kama nyoka.

"Kaka, umeukamata kama unamnyonga mtu."

"Una mchezo wewe."

"Kaa kwanza. Nani alikuambia usimame? Kaa, kisha ubane mwisho wa mkanda kwa goti."

Nilijifunza. Nilijifunza pia kwamba upande mgonjwa huvishwa kwanza na huvuliwa mwisho, na kwamba mzee akinyanyuka kitini lazima pua yake ipite mbele ya vidole vya miguu, la sivyo kiti kitamrudisha. Alfajiri kabla ya kazi, na jioni redio ikisoma habari, mjomba nami tulifanya mazoezi hayo mlango ukiwa umefungwa. Alinitukana kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Aliniambia mkono wake wa kushoto ni mjinga, haujawahi kwenda shule. Nikamwambia tuko wengi.

Fimbo ya hospitali aliikataa. Ilikuwa ya chuma chepesi, na alisema inalia kama sufuria. Dada hakubishana. Alimletea kipande cha mti wa jakaranda na tezo ndogo ya kuchongea, ile mzee aliyokuwa ameifungia sandukuni tangu augue, akaviweka mezani akaenda kupika. Mjomba aliviacha pale siku nzima. Baadaye niliporudi kazini nilimkuta ameulalisha mkono wa kulia juu ya mti kama jiwe la kuzuia karatasi, na kwa mkono wa kushoto anagonga, anakosa, anagonga. Fimbo iliyotoka ilikuwa mbaya. Kishikio kilikaa kama goti la ngamia. Mjomba, ambaye twiga wake walikuwa wakipanda ndege kwenda Ulaya, aliigeuzageuza, akaona haya.

"Ipake rangi ya viatu, nyeusi," aliniambia. "Watu wadhani ni mpingo."

Ndivyo wachongaji walivyowadanganya watalii, na chumba kizima kilinuka rangi ya viatu kwa siku kadhaa.

Dada aliipima njia. Alipima kizingiti, akaniagiza nijaze changarawe pale mfereji ulipokata njia, akapima mlango wa choo, akanifanya nigongomelee kipande cha bomba ukutani mle ndani, mahali pa mkono wa kushoto. Tatizo lililobaki lilikuwa watu. Mara zote mzee alipotokeza mlangoni, mtaa mzima ulikimbia. Huyu kwapa, yule kiuno, mwingine anasukuma nyuma, "Taratibu, mzee! Shika hapa, mzee!" na miguu yake haikugusa ardhi. Alipelekwa kama sanduku la maiti. Kwa hiyo nilizunguka mlango kwa mlango nikiomba jambo lililonitia aibu kulitamka: mkimwona mzee anahangaika, msimguse. Wengine waliniangalia kama mtu aliyechoshwa na mgonjwa wake.

Jumamosi iliyochaguliwa, dada nami tulisimama mlangoni. Mjomba alitoka. Kushoto fimbo, kulia mkono umelala mfukoni. Alivuka kizingiti, akavuka changarawe. Na kweli hakuna aliyemgusa. Mama wa samaki alikuwa amekumbatia beseni lake. Chini ya upenu wa nyumba ya mwisho, karibu kabisa na vyoo, walikuwa wamekaa wacheza drafti na vifuniko vyao vya soda, wakubwa kwa vijana, na mkubwa wao alikuwa dereva mmoja mstaafu aliyelingana umri na mjomba. Mjomba alipofika mbele yake, dereva yule aliinuka kwa heshima zote. Walikuwa hawajasalimiana uso kwa uso tangu ugonjwa.

"Mzee mwenzangu! Habari ya siku nyingi!" Na akanyoosha mkono.

Mtu akinyooshewa mkono afanyeje? Kumpa wa kushoto ni tusi. Kupita bila kuupokea ni tusi kubwa zaidi. Mjomba aliutazama ule mkono, na niliona uso wake ukifurahi, furaha ya mtu aliyekumbukwa. Akaibana fimbo kwapani. Kwa mkono wa kushoto akautoa ule wa kulia mfukoni, akauinua kama mtu anayetoa zawadi, amsalimie mwenzake ipasavyo.

Akaenda chini. Kifuniko cha soda kikaviringika hadi kwenye mguu wangu. Dada alifika kabla yangu, na mzee hakuwa ameumia sana, mdomo tu ulipasuka. Lakini suruali ilikuwa imelowa, na watu wote waliona, wakageuza nyuso zao kwa pamoja, na kule kugeuza nyuso ndiko kulikomuua.

Tulimrudisha ndani. Hadi siku iliyofuata alikuwa ameugeukia ukuta. Nikimpa kikombe aliziba midomo.

Dada alikaa kitandani na fimbo ile mapajani, vidole vimekuwa vyeusi kwa rangi.

"Nilipima mlango," alisema. "Nilipima kizingiti. Salamu sikuzipima."

"Utajaribu tena."

"Lini, kaka? Nawajibu kwamba siendi. Watampa mwingine."

Nilitoka nje. Nikienda wapi sikujua. Nilifika soko la Gikomba, nikapita mitumba, nikageuka kwenye mto, nikarudi. Nilimwonea hasira mjomba kwa heshima zake, nikamwonea hasira yule dereva kwa mkono wake, nikamwonea dada hasira kwa kukata tamaa upesi, na miguu yangu ilikuwa bado inaenda. Jua lilikuwa halijazama niliporudi, na wacheza drafti walikuwa pale pale. Nikasimama juu ya ubao wao.

"Nataka kusema neno," nilisema. "Mzee akipita, msimpe mkono."

Kijana mmoja aliinua macho. "Sasa buda apite hivi hivi, tumkaushie kama hatumjui?"

"Msalimieni kwa mdomo."

"Kwa mdomo!" Dereva mstaafu alisikitika. Tangu asubuhi hakuwa ameshinda mchezo hata mmoja, na najua kwa nini. "Mwanangu, nilinde ulimi wangu nitaweza. Huu mkono una akili yake. Ukimwona mtu wa rika langu unatoka wenyewe. Hata jana haukuniuliza."

"Ndiyo maana naomba, mzee. Dada yangu amepata shule kubwa. Hataenda kama mjomba hawezi kufika pale mlangoni peke yake." Nilionyesha vyoo. "Nyinyi ndio mko njiani."

Mama wa samaki alikuwa akigeuza samaki kwenye karai, mgongo ametupa, nami nikadhani hasikii.

"Kama mikono yenu ina akili zake, ikalieni," alisema.

"Vipi?"

"Ikalieni!" Aliepua karai, akavuta kigoda chake, akasukuma viganja vyote viwili chini ya mapaja, akaketi juu yake kwa uzito wote. "Hivi. Sasa mzee apite, nione ni mkono upi utatoka. Na kama nyinyi mmekonda, njooni niwakalie mimi. Nafasi ipo."

Walicheka mpaka drafti ikamwagika. Yule dereva alicheka, akakohoa, kisha akaweka mikono yake chini ya mapaja kujaribu, akaitazama kama amejifunga pingu mwenyewe.

"Na ukarimu wa chai je?" nilimuuliza mama wa samaki tulipobaki peke yetu. Nikamweleza ile themosi ilikuwa na maana gani. Uso wake ulibadilika. Akaendelea kupanga samaki.

Yaliyofuata sikuyaona. Nilikuwa kazini, nikiutazama uzi. Nimesimuliwa na watu wengi, kila mmoja kwa namna yake, ila wote wanakubaliana kwamba siku ile mama wa samaki aliingia kwetu kama kawaida, mjomba akammiminia kikombe akamsogezea, naye akakirudisha.

"Siinywi tena, baba. Nilidhani ni ukarimu, kumbe nakunywa kiu yako."

"Mama, chukua chai."

"Nitakaa hapa hadi uinywe. Samaki wangu wakioza, wataoza mlangoni kwako, na harufu yake unaijua."

Alikaa. Mjomba alishindana naye kwa kimya, na kwa kimya mjomba hakuwa na mpinzani mtaani, lakini yule mama alikuwa na beseni la samaki na jua lilikuwa kali. Akanywa. Akamiminiwa cha pili, akanywa. Mama akashukuru, akatoka, na badala ya kwenda sokoni akaketi kwenye kigoda mlangoni pake. Na mwili, ambao hauna heshima wala rika, ukadai haki yake kabla ya saa nane.

Mlango ulifunguka, wakasema. Fimbo nyeusi ilitokea kwanza. Mtoto mmoja alipiga mbinja, na safu nzima, waliokuwa wakifua na waliokuwa wakisuka na wacheza drafti wote, walikaa chini wakakalia mikono yao. Mjomba alisimama akawatazama. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

"Mmefungwa?" aliuliza.

"Tumefungwa, mzee," dereva alijibu. "Habari ya siku nyingi?"

"Nzuri. Siku nyingi."

"Za huko ndani?"

"Njema tu. Za drafti?"

"Ninaibiwa na hawa watoto."

Alizijibu zote hivyo, mlango baada ya mlango, bila kuiachilia fimbo. Aliingia chooni, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu, na watu hawakuitoa mikono hadi alipotoka, kwa maana hakuna aliyejua kama inaruhusiwa.

"Hukuona?" mama wa samaki aliniuliza jioni. "Pole. Viganja vyangu bado vina alama za kigoda."

Nilikuta themosi tupu, na safari hii mzee mwenyewe ndiye aliyeimaliza. Kwa mara ya kwanza sikujua la kufanya jioni, kwa kuwa hakuhitaji kupelekwa. Niliketi, nikasimama, nikatoka nikaenda kuutazama mlango wa choo kama kuna kitu kilichoandikwa pale.

Dada hakuamini hadi alipoona kwa macho yake siku yake ya mapumziko. Akaona mara moja, akasema ni bahati. Akaona mara ya pili na ya tatu. Ndipo akawajibu wenye chuo, na sikuuliza aliandika nini, maana alikuwa anaimba alipokuwa akiandika.

Asubuhi ya safari kulikuwa na baridi ya Nairobi, ile ya mawingu yanayokaa juu ya mabati. Teksi iliingia mapema, dereva wake hakutaka kuzima injini. Sanduku la dada lilikuwa limekwisha kuwekwa. Alikuwa amevaa koti zito alilopewa na watu wa kanisani, koti la mtu mrefu kuliko yeye, na majirani walikuwa wamejaa. Mjomba alikuwa amekunywa chai yake, vikombe viwili, polepole, mbele yetu sote. Dada akataka kupiga magoti.

"Ngoja," alisema mjomba. "Natoka kidogo."

Akashika fimbo, akatoka.

Mtu fulani, nadhani ni katika haraka za asubuhi, alikuwa amemwaga maji ya kufulia, na njia iliteleza kwa povu pale kwenye changarawe zangu. Niliona kabla hajafika. Mguu wangu ukaondoka wenyewe.

"Kaka," dada aliita nyuma yangu.

Nikasimama. Mikono niliiweka nyuma, nikaishika yenyewe kwa yenyewe, nikabana. Mjomba alifika kwenye povu. Aliligusa kwa ncha ya fimbo, akalisoma kama anavyosoma mbao, akatafuta jiwe, akaweka mguu mzuri, kisha akaukokota ule mwingine. Fimbo iliteleza kidogo ikashika. Dereva wa teksi akapiga honi.

"Wewe, nyamaza!" watu wengi walisema kwa pamoja, na mama wa samaki akamalizia, "Unataka ndege isubiri au mzee aanguke?"

Mlango wa choo ulifungwa. Tukangoja. Nimengoja vitu vingi maishani, lakini hakuna kungoja kama kule. Dada alitazama barabara, akatazama mlango ule, akafungua kifungo cha koti, akakifunga. Dereva alinyoosha saa yake nje ya dirisha ili tuione. Hakuna aliyekwenda kubisha. Hakuna hata aliyeita, "Mzee, uko salama?" Nilihesabu mabati ya paa, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nilikuwa na hakika ameanguka mle ndani. Nilikuwa na hakika nikienda nitamkuta amesimama, na dada ataona nimeenda, na atashusha sanduku.

Mlango ukafunguka. Mkanda ulikuwa umefungwa, upande upande, lakini umefungwa.

Alirudi kwa njia ileile. Safari hii watu walikuwa wamesimama na hawakuwa na pa kukalia, kwa hiyo wote walikuwa wameweka mikono nyuma kama mimi, watu wazima na watoto, kama askari waliosahau bunduki. Akawasalimia akipita. Alipofika kwa dada aliegemea mlango wa teksi kwa bega, akanipa mimi fimbo. Nikaipokea.

Dada alifungua viganja. Mjomba akakusanya mashavu, na safari hii kinywa kilitii. Mate yalitoka mengi kuliko inavyotakiwa, yakajaa viganjani, mengine yakaangukia kola ya lile koti.

"Baba, mbariki, usimwoshe!" alisema mama wa samaki, na watu wakaangua kicheko huku wengine wanajifuta macho.

Mjomba hakucheka. "Nenda usome," alimwambia. "Ukaulize hilo swali lako. Na wao uwaulize wanasalimianaje huko, kabla hujaanza kupima milango yao."

Dada akajipaka viganja kifuani, ndani ya koti, kama baba. Akanishika kichwa, akakiegemeza kwenye kichwa chake, akaingia garini. Teksi ilipinda kuelekea Jogoo Road. Nilibaki na fimbo mkononi, rangi ikinipaka, na miguu yangu haikuwa na mahali pa kwenda ila kiwandani, ambako tayari nilikuwa nimechelewa.

Mjomba alinidai fimbo yake. Akajipeleka mwenyewe hadi kwenye kiti, akaketi, pua mbele ya vidole vya miguu, vizuri kabisa. Akauliza kama chai imebaki.